Kago la Mzee Machano

Huko Pangaweni, kusini mwa Unguja, ambako shamba ni mawe matupu na muhogo hujipenyeza katikati ya mawe, milango ilifungwa kwa kijiti. Ukikiona kijiti kimechomekwa kwenye komeo, ujue mwenyewe hayupo, basi urudi zako. Kufuli hapakuwa. Askari hapakuwa. Sheha wa serikali alikaa kijiji cha mbali, akija kwa nadra kunywa kahawa na kuuliza kama watu hawajambo. Serikali ilikuwa mjini, na Pangaweni walikuwa na watu wanne.

Ndivyo walivyoitwa, watu wanne, bila cheo wala joho. Wazee wanne wa koo nne, basi. Wao ndio waliogawa maweni ya kulima, wakaamua kisima kifukuliwe lini na nani kasogeza ukuta wa shamba la mwenziwe. Hawakuwa na pingu wala bakora. Mtu akikosa huitwa, akaambiwa. Akikiri hutoa mbuzi, mbuzi akaliwa na wote, yakaisha. Akikaidi hususiwa. Na kususiwa kwa Pangaweni si mchezo, jamani. Huamkiwi, huendewi, huazimwi hata kijinga cha moto. Ukifa, watakuja watu watatu wanne wakutie ardhini kwa kuwa kuzika ni faradhi, kisha watakung'uta mchanga waende zao, hapana hitima wala matanga. Watu wa kule walikiogopa hicho kuliko jela, maana jela mtu hutoka.

Mwatima binti Jecha alizaliwa humo, akaolewa humo mara mbili, akazika humo watoto wawili, na tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kamba. Akifukia makumbi ya nazi ufukweni, yakae miezi yaoze, kisha akiyafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka yatoe usumba, na usumba akausokota. Ni kazi ya kunuka na ya kuvunja kiuno. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake alilolizungushia mawe, wazi, bila mlinzi, na katika umri wake wote Mwatima hajapotelewa na kumbi hata moja. Mumewe, Mcha, akipenda kujisifia hayo mbele ya shemeji yake wa mjini.

"Nyinyi huko mna polisi na mna wezi," humwambia. "Sisi hatuna hao wala hao."

Shemeji huyo ni Kificho, mdogo wake Mwatima, fundi cherehani wa Jang'ombe. Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Sawa, shemeji. Lakini siku hao wanne wakikukosea wewe, utamshtakia nani?"

"Watu wanne hawakosi wote kwa pamoja," hujibu Mcha, akacheka mpaka akakohoa.

Haya. Kicheko hicho alikuja kukilipia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, kabla siasa hazijaingia mashamba zikawafundisha watu sababu mpya za kususiana. Asubuhi moja muhogo wa Mzee Machano ulikutwa umechimbwa, tuta zima na nusu ya la pili. Machano alikuwa mmoja wa wale wanne, na shamba lake lilipakana na la Mcha. Hao wawili walikuwa jando moja, wakila sahani moja tangu utotoni. Machano alizunguka kijiji kizima akiwaeleza watu alama alizoziona. "Kachimba kwa jembe, mshenzi huyo! Kwa jembe, taratibu, kama aliyelima mwenyewe!"

Watu wanne waliuliza, hakuna aliyejitokeza. Basi Machano akafanya ambalo wazee wake wangefanya, akatega kago. Alikwenda kwa mjuzi wa kijiji cha pili, akarudi na kifurushi cha kitambaa chekundu, akakitundika kwenye mti penye ukuta wa shamba, akawatangazia watu baada ya sala. Aliyekula muhogo wake, na atakayekula, tumbo litamvimba mpaka akiri; akikiri, kago litateguliwa, na atapona. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mwizi. Kago litamtafuta.

Mwatima alipomsikia alisema "Eee, ndivyo," kama walivyosema wengine. Kwa nini asiseme? Kago lilimlinda na yeye pia. Alipokuwa mwanamwali, bwana mmoja, Borafya, alisogeza ukuta wa mjane akakataa kukiri, na kijiji kikamsusia msimu mzima. Mkewe alikuja kwa Mwatima kuomba moto, na Mwatima akamgeuzia mgongo mlangoni. Borafya aliurudisha ukuta, mjane akapata haki yake, na hakuna aliyepigwa hata kofi. Mjini wangekuwa bado wanaitana kortini. Hayo ndiyo aliyoyaona kwa macho yake, na ndiyo aliyoyaamini.

Halafu tumbo la Mcha likaanza kuvimba.

Kwanza alidhani ni gesi, akanywa tangawizi. Kisha shuka ikawa haifungiki kiunoni. Miguu ikajaa, uso ukakonda, macho yakawa manjano kama binzari, na tumbo likajitokeza mbele limetuna. Mwatima alimkanda mafuta ya nyonyo, akamtengenezea uji, akamtuma kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akasomewe. Hakulitamka neno alilokuwa nalo kichwani, na Mcha naye hakulitamka. Waliokuwa nje walilitamka.

Hapakuwa na ugomvi. Mngejua jinsi mambo hayo yanavyokuja kimya kimya! Siku moja Mwatima alifika kisimani, wenziwe wakajitwika mitungi isiyojaa vizuri, wakaondoka. Alimwamkia Bi Mwanakheri, mtu mzima, "Shikamoo," na "Marahaba" haikurudi. Akasimama na kamba ya ndoo mkononi. Hata Mwatum, jirani yake wa shimo la makumbi, aliyemshika mkono katika uzazi wote wawili, alipita karibu yake ameinamisha macho.

Msabah, msemaji wa watu wanne, alikuja mpaka uani kwao, maana mwenye kususiwa ni lazima aambiwe. Hakukaa. "Mcha," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahi. "Hatukufukuzi, hatukupigi. Neno moja tu. Sema, toa mbuzi, Machano ategue, wewe upone na sisi tupumue."

"Sikuchimba," alisema Mcha.

"Tumbo linasema umekula."

"Basi likamatwe tumbo! Mie sikuchimba wala sikula."

"Mkataa wengi mchawi, Mcha."

"Na mwenye kukubali uongo, ni nani?"

Msabah alitikisa kichwa, akaondoka. Machano alikuwa amesimama mbali kwenye njia, hakusogea, na Mwatima aliona anajifuta uso kwa ncha ya kilemba.

Mwatima akampeleka mumewe mjini kwa gari la shamba, lile la mabao, dereva wake si mtu wa Pangaweni. Kificho aliwapokea Darajani, akambeba shemeji yake nusu mgongoni hadi hospitalini. Daktari, Mhindi mpole mwenye miwani, alimbonyeza Mcha ubavuni, akamtazama macho, akauliza maswali mengi, kisha akamwita Mwatima pembeni.

"Ini, mama. Limeharibika zamani. Hii si ya mwezi huu, hii ya miaka. Tumbo ni maji tu. Nitayatoa, apate kupumua, lakini yatarudi."

"Atapona?"

Daktari alivua miwani akaifuta. Mwatima hakumuuliza mara ya pili. Alimuuliza jingine. "Bwana daktari, huwezi kuja kwetu ukawaambia watu hayo? Kwamba ni ya miaka?"

"Mama, nina wadi nzima hapa," alisema yule daktari, na kweli alikuwa nayo.

Kificho alikasirika alipopata kisa kizima. Alimvuta dada yake moja kwa moja hadi kituo cha polisi, wakakaa kwenye bao pamoja na mtu aliyeibiwa baiskeli na mwanamke aliyepasuliwa mdomo na mumewe. Mwatima alitazama ukuta. Tangu aingie mjini alikuwa amechoka kutazama makufuli: milango ya Mji Mkongwe ilipigwa misumari ya shaba mikubwa kama matunguja, ndani ina mapingo, na huko Jang'ombe, penye nyumba za makuti, kila mlango ulikuwa na kufuli lake. Serikali yote hii, aliwaza, na bado watu wanajifungia hivi.

Askari wa mezani alikuwa kijana mstaarabu. "Naam, mama. Nani kakupiga?"

"Hapana aliyenipiga."

"Kakuibia?"

"Hapana."

"Kakutukana? Kakuvunjia nyumba?"

"Hapana, mwanangu. Hawatuamkii."

Askari akaiweka kalamu chini. Kificho akaingilia, akaeleza kago, tumbo, ini, wazee wanne, jasho likimtoka. Askari alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa huruma, "Mzee wangu, hakuna sheria ya kumlazimisha mtu atoe salamu. Wakimgusa, njooni. Wakimtoa nyumbani, njooni mbio." Akamgeukia Mwatima. "Pangaweni, umesema? Tangu nianze kazi hapa sijaona kesi hata moja kutoka Pangaweni. Mna bahati, mama."

Walitoka nje kwenye jua. "Kaeni kwangu," alisema Kificho. "Huku hapana anayemjua mtu, dada. Shemeji atakuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Na akifa, tutamzika hapa hapa, watu wa msikiti wapo."

"Hao hawamjui."

"Ndiyo uzuri wake!"

Mwatima aliona raha ya maneno hayo, msidhani hakuiona. Kukaa mahali usipojulikana, kuteka maji bila kutazamwa mgongo. Lakini Mcha, maji yalipotolewa na pumzi ikamrudia, alikuwa na neno moja tu. "Sifi Jang'ombe. Wakinizika huku, kule watasema mwizi kakimbia. Nirudishe, Mwatima. Mie haki yangu ni moja tu, nisiitwe mwizi na mie si mwizi. Na nizikwe na watu wangu."

Hizo zilikuwa haki mbili, na Mwatima alijua atapata moja, kama atapata.

Walirudi. Huku nyuma, walipokuwa mjini, muhogo wa Machano ulikuwa umechimbwa tena. Mwatima aliposikia moyo ulimruka kwa furaha. Mungu anisamehe, alisema, nimefurahia wizi. Akaenda mbio barazani kwa Msabah, wanne wote wamekaa, akaketi chini mchangani, kwani aliyesusiwa akikaa mchangani kwa wazee husikilizwa. Akawaambia maneno ya daktari. Akawaambia Mcha alikuwa kitandani mjini, sasa huo muhogo wa pili kachimba nani?

Wazee walitazamana. "Safari hii ni nguruwe," alisema Msabah.

"Na safari ile?"

"Safari ile kago limemshika mtu. Binti Jecha, sikiliza. Daktari kaliona tumbo. Aliyelitia ugonjwa hilo tumbo, hakumwona."

Mwatima akakaa pale, mikono mapajani. Angeweza kupiga kelele, lakini angempigia nani? Hawa hawakuwa watu wabaya. Msabah ndiye aliyemfundisha kusoma Fatiha. Hapakuwa na mmoja wa kumwambia "wewe ndiye umenidhulumu," kwa sababu kila mmoja alikuwa akifanya lile dogo tu, kunyamaza. Dhuluma yao ilikuwa imegawiwa kama nyama ya sadaka, kila nyumba kipande, hakuna aliyeshiba wala aliyekosa.

Akaanza kumsihi mumewe. Hakuna aibu hapo, mtu akichoka huchoka. Alikuwa akimgeuza kitandani peke yake, akifua shuka peke yake, akiponda makumbi peke yake, na usumba wake akimpa dereva wa gari la shamba amuuzie, maana hapana mtu wa Pangaweni angeupokea. Maji yalikuwa yamerudi tumboni.

"Sema tu, Mcha. Neno moja. Watakuja wote."

"Niseme niliiba?"

"Mungu anajua hukuiba. Watu si kitu."

"Watu si kitu? Basi kama si kitu, niwadanganyie nini?"

"Nimechoka mie!" alisema Mwatima, akalia kwa hasira. "Wewe utakwenda na haki yako, mie nitabaki na nani? Nani atakuosha? Nani atakubeba? Nitakubeba mie na Kificho, na jeneza lina miguu minne?"

Mcha alifumba macho. Kitu kilimuuma, na hakikuwa ini. "Ninachoshindwa kufahamu," alisema polepole, "ni kwa nini limenishika. Kago halimshiki asiyekula, Mwatima. Halijapata. Mie nimekula wapi?"

Mwatima akamfuta jasho. Alikuwa hajajua kwamba hata Mcha mwenyewe anajiuliza.

Kesho yake alikwenda ufukweni kufukua makumbi. Mwatum alikuwa kwenye shimo lake, mgongo kwa mgongo naye, rungu likilia. Mara rungu likanyamaza.

"Mie sisemi na mtu," alisema Mwatum, kaelekea majini. "Nasema na bahari."

Mwatima hakugeuka.

"Ewe bahari, nimechoka kunyamaza. Kila mtu kachoka. Machano hali chakula, mkewe analalamika. Lakini nani aanze? Atakayeanza kuamkia naye atasusiwa." Akapiga rungu mara mbili kwa ajili ya masikio ya watu, kisha akaendelea. "Na wanawake wanasema hivi, bahari. Wanasema kago haliulizi nani kachimba. Linamshika aliyekula. Sasa mtu akiletewa chakula na mtu wake wa nyumbani, akala bila kujua kimetoka wapi, huyo ni mwizi? Si mwizi. Kago litamvimbisha, lakini jina lake safi. Mie nimesema na bahari tu."

Rungu likaanza tena. Mwatima alikaa na kumbi bovu mkononi, maji meusi yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Alifikiri kwa muda mrefu, na hakufikiria haki, wala sheria, wala watu wanne. Alifikiria jeneza.

Jambo moja tu lilimtia hofu, Mcha mwenyewe. Akimwambia mapema kwamba atasema uongo, Mcha atapiga kelele kijiji kizima kisikie, ndivyo alivyo. Hivyo asimwambie. Siku watakapomjia atashtuka, atamtazama mkewe, na atajua. Miaka yote hii, hawezi kukosa kumjua. Naye atamkonyeza anyamaze. Kwa mara moja katika umri wake, atanyamaza.

Baada ya alasiri alikuwa mchangani mbele ya baraza la Msabah.

"Ni mie," alisema. "Muhogo nilichimba mie. Nikampikia mume wangu, nikamwambia nimeupata kwa watu wa kijiji cha pili, akala. Mie sikuonja, nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani. Ndiyo maana limemshika yeye."

Msabah alishusha tasbihi. "Ulichimba kwa jembe, binti Jecha?"

Mwatima alikuwa hakulala vyema siku nyingi, na kichwa chake kilikuwa kizito. "Kwa mikono," alisema.

Papo hapo akajua amekosea. Machano aliziona alama za jembe, na kijiji kizima kilimsikia akizitangaza. Sasa Machano alikuwa akimtazama yeye, mdomo wazi kidogo, na midomo ya wazee wengine ilianza kusogea. Machano akainama akautazama mchanga.

"Pale mawe yamelegea," alisema kwa sauti nzito. "Muhogo wangu kwa mikono unatoka. Huenda zile alama zilikuwa zangu mwenyewe, za palizi." Kisha akajifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya watu, mzee mzima, mabega yakimtikisika. "Alhamdulillahi," alisema. "Mcha hakuniibia. Alhamdulillahi."

Hakuna aliyeuliza tena. Aliyetaka kuuliza angeuliza, hawakutaka. Walipumua, wote wanne, kama watu walioshushwa mzigo kichwani, na Msabah akasema mbuzi mmoja anatosha.

"Nina ombi," alisema Mwatima. "Mume wangu msimwambie. Mwacheni ajue tu kwamba amesafishwa."

Msabah alitikisa kichwa, na safari hii kwa upole. "Haiwezekani, mwanangu. Kosa husemwa hadharani, ndivyo linavyofutika. Jeneza tutalibeba sisi, ukifika wakati. Matanga utawekewa. Lakini litasemwa."

Mwanangu! Miezi yote hiyo hakuna aliyemwita hivyo. Alisimama, akakung'uta mchanga, akaenda kumfungua mbuzi.

Asubuhi iliyofuata walikuja wote. Machano alikuwa amekwishakitungua kifurushi chekundu, amekiosha katika bakuli, na maji hayo akayaleta yeye mwenyewe kumpangusia rafiki yake tumbo. Uani palijaa. Wanawake waliingia na unga, na nazi, na kuni, na mmoja akashika ufagio bila kuulizwa. Mwatum aliingia jikoni, akawasha moto, akapita karibu na Mwatima bila kumtazama usoni; safari hii si kwa amri ya mtu. Waliomjia ni Mcha, ambaye jina lake sasa lilikuwa zuri. Mwatima walimpisha tu. Hapo ndipo alipofahamu kwamba amekomboa mtu mmoja, si wawili, na akajisemea haya, na iwe.

Msabah alisimama mlangoni mwa chumba, akasema kwa sauti ili walio nje wasikie. "Mcha, tumekuja kukutaka radhi. Wewe hukuchimba. Mkeo amekiri. Alichimba yeye, akakupikia, ukala hujui. Umekula, lakini hukuiba."

Mwatima alikuwa amekaa kichwani mwa kitanda. Mcha aligeuza shingo kwa shida, akamtazama. Naye Mwatima akamtazama, akamfinyia jicho moja kidogo, kama wanavyofinyiana watu waliozeeka pamoja. Nijue, alimwambia kwa macho. Nijue, halafu unyamaze.

Mcha alimtazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukakunjuka. Yale makunjo ya mashaka aliyokuwa nayo tangu aanze kuugua yaliondoka moja baada ya moja, na kitu kama furaha kikamjaa machoni.

"Kumbe!" alisema. "Nikisema mie! Nikisema kago halimshiki asiyekula!" Akamshika Machano mkono. "Unaona, Machano? Nilikuwa najiuliza siku zote, nikasema labda dunia imeharibika. Kumbe halikukosea. Kumbe lilikuwa sawasawa."

"Sawasawa," alisema Machano, na hakuinua uso.

Mcha akamtafuta mkewe kwa mkono wake wa pili, akaupata mkono wake uliojaa sugu za kamba. "Mwatima," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mapenzi kabisa. "Nimekusamehe. Mbele ya watu wote hawa na mbele ya Mungu, nimekusamehe. Lakini usirudie tena."

Mwatima alitazama watu waliojaa mlangoni, akamtazama mumewe.

"Sirudii," alisema.

Mcha akauminya mkono wake kidogo, akauachia, akageukia mlangoni kupokea salamu za watu.